Nusu Kilo ya Sukari

Jumamosi yangu ya kwanza kwenye klabu ya kulenga shabaha kwa bastola, Afande, mzee anayetufundisha, alinituma dukani. Nimetoka Tabata alfajiri, nimevaa raba mpya, nimejipanga kushika bastola kwa mara ya kwanza maishani, halafu mzee anachomoa noti mfukoni: "Dada, hebu nifuatie nusu kilo ya sukari hapo kwa Mangi." Nikajua ni ya chai. Nikaenda huku moyoni nanung'unika kwamba hata huku nako wanawake tunatumwa mambo ya jikoni.

Haikuwa ya chai. Aliifungasha kwenye leso, akaifunga leso kwa uzi wa kushonea, ncha ya pili ya uzi akaitundika kwenye triga, kile kifyatulio cha kidole, ya bastola moja ya upepo, ile inayopiga kwa nguvu ya hewa. Bastola ilikuwa tupu, mtutu unatazama dari. Akaivuta juu taratibu. Leso ikanyanyuka mezani, ikaning'inia, triga ikatulia. "Hii inaingia mashindanoni," akasema. Akachukua ya pili. Leso haijabanduka hata mezani, kli! triga imeshaachia. "Hii inarudishwa mlangoni." Ya tatu ndiyo iliyokuwa imenivutia tangu naingia: nyeusi, nzito, imefanana kabisa na bastola za askari wa kwenye filamu. Sukari ikaning'inia. Akaongeza kufuli la geti, likaning'inia. Akaongeza chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa, ndipo ikaachia, tena kwa kukwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Haya, uliniambia unataka ipi?"

Sikujibu kitu.

Nusu kilo, yaani gramu 500, ndicho kiwango cha chini cha uzito wa triga, yaani uzito ambao triga lazima iubebe bila kuachia, kwa bastola ya upepo ya mita 10 katika kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kwa bastola ya risasi ndogo ya .22, ile ya mita 25, ni kilo moja. Bastola za kujilinda ni habari nyingine. Nyingi zinaanzia kilo mbili na nusu, na zipo ambazo risasi ya kwanza inadai kama kilo tano. Ina maana yake: haitakiwi kitu kifyatuke kwa bahati mbaya kiunoni mwa mtu. Lakini wewe umenyoosha mkono mmoja, umeshika chuma cha kilo moja na ushei, halafu kidole kinavuta uzito unaozidi bastola yenyewe. Kidole kikivuta, mkono mzima unakifuata.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila anayesikia nashiriki mchezo huu ananiuliza bei kwanza. Ya pili anauliza inafika mbali kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za triga.

Mimi ni mfamasia, nina duka dogo la dawa Magomeni. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu mwaka 2024 wakati klipu ya yule Mturuki mlenga shabaha, Yusuf Dikeç, ilipozunguka magrupu yote ya WhatsApp, hadi la kikoba chetu. Mnakumbuka: fulana, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, kama mtu aliyetumwa mkate akapitia Olimpiki ya Paris njiani. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walichukua medali ya fedha, Waserbia wakiwapita 16 kwa 14 kwenye fainali. Watu walicheka. Mimi nilichokiona ni mtu wa miaka 51 mwenye medali mpya shingoni. Nikasema moyoni, basi upo mchezo ambao bado haujanipita. (Ule mkono mfukoni, kumbe, si madoido. Unautuliza ili usiyumbishe bega. Klabuni kwetu kila mtu anaweka mfukoni au anauchomeka kwenye mkanda, na hakuna anayempiga picha.)

Nilikuwa na milioni moja na nusu, mgao wa kikoba. Bastola mpya za daraja la Olimpiki, hizi za Steyr, Morini, Walther na Pardini, zikishafika hapa zinapita milioni tano kabla hujalipia kitu kingine chochote. Kwa hiyo swali langu tangu mwanzo lilikuwa la mtu wa kawaida: kwa hela hii nipate nini kisichonidanganya?

Ushauri wa kwanza nilipewa na binamu yangu wa Kimara, ambaye anamiliki bastola ya milimita 9 kihalali kwa ajili ya biashara yake. Akasema nichukue kama yake, nitalenga shabaha na nitalinda nyumba. Nilipompelekea Afande habari hiyo, alinijibu kwa methali tu: mshika mbili moja humponyoka. Nikadhani ni maneno ya wazee. Wiki iliyofuata akanipa kalamu na karatasi tukapiga hesabu, na mimi hesabu huwa siibishii.

Hesabu yenyewe ni hii. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola ya shabaha ya upepo pana umbali wa sentimita 35 hivi. Kilengeo cha mbele kikikosea kwa milimita moja tu, mita 10 mbele kosa hilo limekuwa milimita 28. Duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, dogo kuliko shilingi mia ya sarafu, na kila duara linalofuata linaongeza milimita nane kila upande. Maana yake milimita moja ya kuteleza mkononi inakutoa kumi inakutupa saba. Sasa chukua bastola ya kiunoni, ambayo vilengeo vyake vinatazamana kwa sentimita 16 au 17. Milimita ileile moja inakuwa sentimita sita. Si kwamba bastola ya binamu ni mbovu. Ni nzuri sana kwa kazi yake, na ipo michezo inayoitumia, ile ya kupiga huku unatembea na kubadilisha shabaha, ambako bastola kama CZ na Glock ndizo zinazotawala. Ila mimi nilitaka kusimama nimetulia na kutoboa kitu kimoja mara sitini. Huo ndio mchezo wa mita 10: risasi sitini ndani ya dakika 75, mkono mmoja, bila kuegemea kitu. Zamani wanawake walipiga arobaini. Tangu 2018 wote ni sitini.

Halafu tukahesabu kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa, chakula chake. Mazoezi mara tatu kwa wiki, peleti (virisasi vidogo vya bastola ya upepo) sabini kila mara ukijumlisha zile za kupasha mkono, ni zaidi ya mia nane kwa mwezi, kama elfu kumi kwa mwaka. Peleti zinauzwa kwa kopo la mia tano. Kwa bei nilizozikuta, hela ya risasi moja ya milimita 9 ilinunua zaidi ya peleti kumi. Nikaona wazi kwamba hata nikipewa ya milimita 9 bure, ndani ya mwaka ningekuwa nimelipa bei ya Steyr, ila imekwenda ukutani kwa vipande vipande. Au, jambo linalotokea zaidi, ningekuwa nimepiga risasi ishirini kwa mwezi nikijidanganya kwamba nami ni mlengaji.

Ya .22 ilinitesa kidogo, nakiri. Bastola kama Ruger Mark IV au Browning Buck Mark si ghali zikilinganishwa na zile za kiwanja cha Olimpiki, triga zake zinaweza kuboreshwa, na wanaozipenda wanazipenda kama watoto wao. Risasi za .22 ni nafuu kuliko za 9. Lakini inahitaji uwanja wa mita 25 wenye kingo ya kweli ya kuzuia risasi, na uwanja wa namna hiyo si kitu unachokipitia ukitoka kazini Magomeni saa moja jioni. Tena ukitaka kuzoea triga nyumbani bila risasi, nyingi hazipendi: pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, mpaka uweke risasi bandia. Bastola ya upepo inataka mita kumi, ukuta, na sanduku la chuma la kunasia peleti. Sisi tunatumia ghala la zamani upande wa Mikocheni, na feni mbili.

Ile nyeusi iliyobeba kufuli na chupa ya maji ilikuwa ya mitungi midogo ya kaboni dayoksaidi. Nayo nitaipitia haraka: triga yake mmeisikia, na joto la Dar linaichezea gesi. Asubuhi ya Julai inapiga hivi, adhuhuri ya Februari inapiga vile, na ukipiga haraka mtungi unapoa na nguvu inashuka. Ni burudani nzuri ya kuangusha makopo.

Kabla sijaendelea, suala la karatasi. Wapo wanaodhani ya upepo ni mwanasesere. Nilikwenda kituo cha polisi kuuliza kabla sijatoa hata shilingi, na afisa aliyenisikiliza aliniambia vizuri tu: mama, usiagize wala usipokee chochote chenye mtutu mpaka uwe umekuja hapa na barua zako. Kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na sikutaka kuwa mtu wa kuijulia mahakamani. Ikawa barua ya mtaa, picha, alama za vidole, maelezo ya nitahifadhi wapi. Ilinichukua miezi, na sehemu kubwa ya kuchelewa ilikuwa yangu mwenyewe, maana jina langu la cheti na la kitambulisho yanatofautiana herufi moja. Muda huo wa kungoja ndio ulioniokoa. Ningekuwa na bastola wiki ya kwanza, ningekuwa na bastola isiyo yangu.

Maana wakati nangoja nilipiga na kila kitu kilichokuwepo klabuni. Ilikuwepo Gamo Compact ya Kihispania, ya kupampu hewa mara moja kwa kila risasi, mwili mwepesi na mshiko wa mbao unaorekebishika kidogo. Kwa anayeanza ni bastola ya heshima, na bado nawaambia wenye hela ndogo waitazame. Mimi ilinishinda mwishoni mwa pampu. Pale wenzo unapokaribia kufunga panataka nguvu ya ghafla, na mimi baada ya risasi ya thelathini mkono ulishaanza kutetemeka kama wa mgonjwa wa malaria. Mwenzangu mmoja kijana wa gereji anaifunga kama kopo la soda.

Kisha likaja jaribu lenyewe. Mtu anauza bastola ya Kijerumani ya mtungi wa hewa, iliyotumika, milioni moja na laki nne. Zile zile zinazoshinda medali! Triga kama pumzi, haina mtikisiko, hupampu kitu, unajaza mtungi kwa bar 200, kipimo cha shinikizo la hewa, na unapiga mashindano mazima bila wasiwasi. Hewa utaipata wapi Dar? Nilikuwa na jibu. Wapo wazamiaji wa Msasani wanaojaza mitungi yao kwa kiwango hicho hicho, ningehitaji kiunganishi tu. Nililala nikiwa tayari nimeinunua kichwani.

Kesho yake nikaishika, nikaigeuza, nikafanya kitu ninachokifanya mara mia kwa siku dukani bila kufikiri: nikatafuta tarehe. Ipo, imegongwa kwenye mtungi. Mtungi ulikuwa umetengenezwa miaka kumi na tatu nyuma. Mitungi hii wengi wa watengenezaji wanaipa miaka kumi, na kwenye mashindano ya ISSF ni wajibu wa mpigaji kuhakikisha mtungi wake haujapitisha muda. Hilo la mashindano ni dogo. Bar 200 ya hewa kwenye alumini iliyochoka, sentimita chache kutoka mkononi mwangu, nikiishikia usoni kwangu? Kama ni dawa ningeiteketeza. Nikamuuliza muuzaji bei ya mtungi mpya, hakujua. Nikatafuta mwenyewe, nikajumlisha na usafirishaji na kibali, nikaona bei ya "nafuu" inapaa. Muuzaji naye hakuwa tapeli. Hakuwahi kuigeuza tu.

Niliyonunua hatimaye ilikuwa mbaya kwa sura. IZH-46M, ya Baikal, kutoka Izhevsk huko Urusi. Imekaa kama bomba la maji lililowekewa mpini. Mwenzetu klabuni alikuwa amemaliza mkataba wake wa kazi anarudi kwao, tukafanya uhamisho kupitia polisi, nikamlipa milioni moja na laki moja. Nayo ni ya kupampu mara moja, lakini wenzo wake ni mrefu, unafika karibu na mdomo wa mtutu, kwa hiyo nguvu inagawanyika. Afande alinifundisha nisiufunge kwa misuli ya mkono. Unaiweka karibu na kifua, unaufunga kwa uzito wa mwili, kama unavyofunga mlango wa friji ukiwa umebeba sufuria. Pampu sabini kwa siku sasa sizisikii.

Kilichoniuzia si wenzo. Niliitundikia sukari. Ikaning'inia, nikaongeza gramu chache tu juu ya nusu kilo, ndipo ikaachia, safi, bila kukwaruza, na ina skrubu za kurekebisha hatua ya kwanza na ya pili peke yake. Tena ukifungua sehemu ya kupakia na kuifunga bila kupampu, triga inajiseti. Unaweza kuvuta triga mara mia tano ukutani nyumbani bila peleti, bila hewa, bila kuharibu kitu. Hapo ndipo nilipopata alama zangu nyingi, si ghalani. Saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala, natazama ukuta mweupe wa sebule, mkono mmoja kwenye mfuko wa dera, nikitafuta kuvuta bila kilengeo cha mbele kucheza. Umeme ukikatika nawasha tochi ya simu. Mama mkwe alinikuta mara moja. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kama ni ugomvi na mume wako, tuyaongee." Ilibidi nimwoneshe uzi wa rangi ya chungwa niliouchomeka mtutuni, ule unaoonesha bastola ni tupu, ndipo akakaa.

Laki nne zilizobaki watu waliniambia ninunulie peleti bora na miwani maalumu. Peleti nilinunua, za kichwa bapa, maana hizo zinakata karatasi duara safi na alama haina ubishi. Sehemu iliyobaki niliipeleka Keko.

Mshiko wa kiwandani ulichongwa kwa kiganja cha mwanamume. Kwangu ulikuwa unaacha pengo chini ya kidole gumba, na ncha ya kidole changu cha shahada ilikuwa inaigusa triga kwa pembeni, ikiisukuma kushoto. Peleti zangu zote zilikuwa zinakwenda upande mmoja na mimi nikawa nasogeza kilengeo, nasogeza, nasogeza. Afande akaniambia niache kilengeo, nilete unga. Nikakanda donge la ngano, gumu kidogo kuliko la chapati, nikafungua skrubu na kuutoa mshiko, nikaufunika kwa donge, nikashika kama ninavyoshika nikiwa nimetulia kabisa, nimefumba macho. Likakauka likiwa na ramani ya mkono wangu. Bastola ikabaki kwenye kabati la chuma nyumbani. Mimi nikapanda daladala na kipande cha mbao na mkate usioliwa kwenye mfuko.

Fundi wa Keko anatengeneza vitanda na makochi. Aliligeuza lile donge, akauliza ni mguu bandia wa nini. Nilipomweleza, alichangamka kuliko mteja yeyote wa kabati angeweza kumchangamsha. Akachagua mninga mkavu, akachonga siku mbili, laki moja na themanini. Kazi nzuri hadi aibu kuishika na mafuta. Aliniwekea na kirafu cha chini cha kupumzishia kiganja, na kwa upendo wake akakipindisha juu kidogo, ili, alisema, mkono ukumbatiwe.

Afande aliutazama akacheka mpaka akakohoa. Kanuni zinakataza kumbatio hilo. Kirafu cha kiganja hakiruhusiwi kupinda kwenda juu, na hakuna sehemu ya mshiko inayoruhusiwa kuupa kifundo cha mkono msaada wowote. Kisha akaleta boksi, maana bastola nzima inatakiwa iingie kwenye boksi la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Pale pa kuegemeza gumba fundi alikuwa mkarimu pia, na bastola ikakataa kuingia kwa upana, imezidi kama unene wa kadi mbili za benki. Nikarudi Keko. Safari hii nilikwenda na boksi langu mwenyewe, nimelitengeneza kwa katoni la dawa, nimelipima kwa rula. Fundi alipiga msasa, akajaribu, akapiga msasa, akajaribu, vumbi la mninga mpaka kwenye nyusi. Ilipoingia tulipiga kelele wote wawili.

Wiki ile ile nilirudisha kilengeo katikati, na peleti zikarudi katikati zenyewe.

Kuna kitu kimoja ningekifanya kabla ya mshiko. Mimi natumia mkono wa kulia, lakini jicho langu lenye nguvu ni la kushoto. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa kunyoosha mikono, kutengeneza tundu dogo kwa viganja, kutazama saa ya ukutani kupitia hapo, kisha kufumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuiona saa ndilo lenyewe. Kwa bastola si msiba kama ilivyo kwa bunduki. Nageuza kichwa kidogo na jicho lingine naliziba kwa kipande cha karatasi nyeupe kwenye miwani. Ila mshiko wa namna hii ni wa mkono mmoja tu, hauhamishiki, na ningeweza kujiuliza mapema kama nijifunze kwa kushoto. Mhungaria Károly Takács alivunjwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza kwa kushoto, akachukua dhahabu London 1948 na Helsinki 1952. Mimi sikuwa na guruneti, nilikuwa na mninga wa laki na themanini, nikaamua kugeuza shingo.

Unyevu nao. Anayekaa Tabata haoni bahari, ila bahari inamwona. Baada ya mwezi wa kwanza wa masika nilikuta vidoa vya kutu kwenye wenzo. Sasa naipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, na kwenye kabati la chuma nimejaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge. Dukani tulikuwa tunavitupa kwa mamia. Mikono naiosha kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, kwa sababu peleti ni madini ya risasi, na kijana wetu wa gereji mpaka leo nagombana naye kwa kula andazi huku anapakia.

Alama zangu? Mashindano yetu ya kwanza ya ndani nilipata 431 kati ya 600. Hivi sasa nachezea 530, na siku moja nzuri nilipata 541. Wanaoingia fainali za Olimpiki wanapita 570. Niliazima bastola ya mwenzetu mmoja mwenye Steyr, nikapiga sitini nayo kwa udadisi. Nikapata 533.

Shida ya Mrusi wangu ni spea. Vikwazo vimefanya kuagiza kitu kutoka Izhevsk kuwe hadithi ndefu, na hilo nililijua wakati nanunua. Wiki tatu zilizopita peleti zilianza kushuka, saba ya chini, saba ya chini, sita ya chini. Nililaumu kifundo cha mkono, nikalaumu usingizi, nikamlaumu mteja aliyenikera Ijumaa. Afande akaichukua akapiga tano, zote chini. Hewa inavuja. Niliifungua na kumtoa oringi mzee, ile pete ya mpira ya kuzuia hewa, amekuwa bapa upande mmoja kama tairi lililokaa juu ya mawe, nikamtia kwenye bahasha ya vidonge nikaenda naye Gerezani. Muuza spea aliniuliza ni ya gari gani. Nikamwambia ni ya pampu ya upepo, na huo si uongo. Akapima kwa jicho, akanipa tatu zinazofanana, shilingi mia tano kila moja, unene ukipishana kidogo sana.

Ya kwanza imebana mno, wenzo haufungi. Ya pili imekaa tangu juzi, imepakwa mafuta ya silikoni, na jana usiku nilipampu, nikahesabu hadi sitini, nikasikiliza. Jumamosi tutajua.